Yanonge: majina ya wahamishwa yatolewa kwenye ordinateri iliyoungua

Mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipolipuka katika komini ya Lubunga mwanzoni mwa mwaka 2023, watu walikimbia bila kuchagua njia. Wengi walivuka mto kwenda Kisangani mjini, wengine walifuata ndugu zao vijijini. Tangu wakati huo kila familia iliyohama inajua uzito wa kitu kinachoitwa orodha. Msaada ukifika, ni orodha inayosomwa. Asiyeitwa anarudi nyumbani na mfuko mtupu, hata kama jirani zake wote wanamjua.

Ndiyo maana habari ya kuungua kwa ordinateri ya kamati ya wahamishwa ilizunguka soko la Yanonge haraka kuliko bei ya samaki. Jenereta ilipandisha moto ghafla, mashine ikatoa harufu, ikazimika. Karani wa kamati, mama wa makamo ambaye naye alihama, aliibeba ndani ya kitenge hadi kwa fundi kijana anayechaji simu kwa paneli za sola karibu na bandari.

«Mwanangu, majina yako humo ao yamekwenda?»

Fundi alifungua mashine, akatoa diski, akaiunga kwenye ordinateri yake kwa waya. Diski ilisomeka. «Mama, vitu viko. Ni nyumba ndiyo imeungua.»

Lakini nyumba zilikuwa mbili, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Programu ya kuandikia majina ilitengenezwa zamani kwa ajili ya Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001 na ambao Microsoft iliacha kuutunza tarehe 8 Aprili 2014. Ordinateri za sasa zinaikataa. Mtu fulani aliyepita kabla aliiweka ndani ya mashine pepe, yaani ordinateri ya kubuni inayoishi ndani ya ordinateri ya kweli. Programu ya VirtualBox, iliyotoka mwaka 2007 na leo ni mali ya Oracle, ndiyo inayofanya kazi hiyo: inamdanganya Windows XP kwamba ana diski yake, skrini yake na kadi yake ya mtandao, kumbe vyote ni faili tu. Diski nzima ya mashine hiyo ni faili moja kubwa lenye mkia wa .vdi.

Fundi alinakili faili hilo kwenye fulashi, akafanya mashine pepe mpya kwenye ordinateri nyingine, akaiunga diski, akawasha. Alama ya Windows ilionekana, kisha skrini ya bluu ikapita kama radi, na mashine ikajiwasha upya. Tena. Tena. Windows XP imezoea kujiwasha upya ikianguka, basi maandishi hayasomeki. Fundi alichukua simu, akapiga video ya skrini, akaisimamisha mahali penye bluu. Palikuwa na namba 0x0000007B.

Namba hiyo mafundi wa zamani wanaijua. Maana yake: Windows imeamka, lakini haioni diski inayopaswa kuendelea kusoma. Wengi wakifika hapo wanasema diski imeharibika, wanaiandika upya, na majina yanakwisha. Si kweli kwamba imeharibika. Mashine mpya ilikuwa imeunganisha diski kupitia kidhibiti cha aina ya SATA, kwa sababu fundi, alipoulizwa aina ya mfumo, alichagua ya kisasa. Mashine ya zamani ilitumia aina ya IDE. Windows XP haikuzaliwa na uwezo wa kuzungumza na kidhibiti cha SATA cha namna hiyo. Inatafuta mlango mahali ulipokuwa, inakuta ukuta.

Fundi alipomweleza karani jambo hili, mama alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Usiku wa kwanza alipolala kwa shemeji yake, alisema, aliamka gizani kutoka nje, akagonga kichwa ukutani. Kwake mlango ulikuwa upande wa mkono wa kushoto. «Basi muwekee mlango wake,» akasema.

Ndivyo ilivyofanyika. Fundi alizima mashine, akaondoa diski kwenye SATA, akaongeza kidhibiti cha IDE, akaiunga humo. Windows XP ikafunguka, ikalalamika kidogo kwamba imekuta vifaa vipya, ikatulia. Orodha ikaonekana. Watu waliokuwa wamesimama mlangoni wakapiga makofi.

Karani hakupiga. Alisogea, akavaa miwani, akaomba aoneshwe mwisho wa orodha. Majina yaliishia katikati. Familia zote alizoandika katika miezi ya mwisho hazikuwepo: wale wajane wawili, yule mzee mwenye wajukuu, na wengine ambao kadi zao alizijaza kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mmoja nje alianza kusema kwamba majina yamefutwa kwa makusudi. Maneno ya namna hiyo, mahali ambapo watu wamekimbia ugomvi wa makabila, si ya kuchezea.

Karani ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia kwamba hakuna mtu aliyefuta, kwa sababu orodha yote inaishia siku moja, ya watu wa pande zote. Aliyefuta kwa chuki angechagua.

Fundi alirudi kwenye diski ya zamani, akafungua folda nzima badala ya kutazama faili kubwa peke yake. Ndani kulikuwa na faili dogo lenye mkia wa .vbox, na folda ndogo iliyoitwa Snapshots. Faili la .vbox ni maandishi ya kawaida, mtu anaweza kuyasoma. Yanaeleza mashine pepe ilivyojengwa: kumbukumbu kiasi gani, diski imeungwa kwenye kidhibiti gani, na diski ipi inafuata ipi. Kidhibiti kilikuwa kimeandikwa humo wazi, PIIX4, ambacho ni IDE. Asubuhi nzima ya skrini ya bluu ingeepukwa kwa kusoma mistari hiyo michache.

Na majina? Siku moja mtu alikuwa ameiambia VirtualBox iweke alama ya hali ya mashine, ili ikiharibika aweze kurudi nyuma. Ni jambo zuri, ila wengi hawajui linavyofanya kazi. Tangu alama hiyo, faili kubwa linafungwa, haliandikwi tena. Kila kinachobadilika kinaingia kwenye faili jipya ndani ya folda ya Snapshots, lenye jina refu la herufi na namba ambalo mtu anaweza kulidhani ni takataka. Ni kama mwenye duka aliyefunga daftari kubwa na kuendelea kuandika madeni kwenye kijitabu. Fundi alikuwa amebeba daftari, akaacha kijitabu.

Bahati ni kwamba alikuwa amefanya kazi juu ya nakala. Kijitabu kinaandika tu sehemu zilizobadilika kulingana na daftari lilivyokuwa siku ya kufungwa. Angeliwasha faili kubwa la asili lenyewe, Windows ingeandika juu yake, na viwili visingepatana tena. Kwa sababu hiyo, anayefanya kazi hii asiguse diski ya asili hata kwa udadisi.

Fulashi ndogo haikutosha kwa folda nzima, ikabidi kungoja diski ya nje iletwe kutoka Kisangani. Ilipofika, fundi alinakili kila kitu. VirtualBox ilikataa kwanza, ikisema diski yenye kitambulisho hicho tayari inaijua, ile nakala ya kwanza. Aliiondoa, akafungua faili la .vbox, na mashine ya zamani ikasimama ilivyokuwa, na mlango wake mahali pake. Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa lile karani alilokumbuka. Kisha kwa amri ya VBoxManage clonemedium aliunganisha daftari na kijitabu kuwa diski moja kamili.

Mwenye Linux ndani ya mashine pepe atakutana na mambo mengine: diski iliyoitwa sda inaweza kuitwa vda, na kadi ya mtandao kupewa jina jipya. Atumie kitambulisho cha UUID badala ya jina la diski, mengi yatapita.

Mashine ya kamati imekatwa kwenye mtandao, na inafaa ibaki hivyo. Windows isiyotunzwa tangu 2014 si mahali pa kuweka majina ya watu waliokimbia panga. Fundi ametoa orodha nzima kuwa jedwali la kawaida linalofunguka popote, na karani, kabla ya kuchapisha karatasi, ameondoa safu ya kabila. Baadhi ya wanakamati hawakupenda. Alijibu kwamba njaa haina safu hiyo.

Familia zilizoandikwa katika miezi ya mwisho zinaombwa zipite kwa karani na kadi zao, zilinganishe majina na idadi ya watoto. Waliopoteza kadi waje na jirani mmoja anayewajua.