Vipimo vitatu kwenye kamyo yetu

Wengi mliuliza kwa nini makuta ya kikundi yalienda kwenye "vile visaa vitatu" vya kamyo wakati depo yetu bado inangoja mabati. Jibu liko kwenye mlima wa kutoka Sake kwenda Mushaki.

Kamyo inashuka Goma na maharagwe, viazi na fromaje. Inarudi na chumvi, sabuni, mchele, na wamama wenyewe. Katika kurudi ndipo moteri inapoteseka. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460, na milima yetu ya Masisi inapita 2,000. Huko juu hewa inabaki karibu sehemu nne kati ya tano za ile ya pwani. Shofere akikanyaga, mazutu yanaingia mengi lakini hewa ya kuyaunguza haitoshi. Moshi unakuwa mweusi, na joto lake linapanda.

Jambo la pili kila mama wa huku analijua jikoni. Kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye digri 93 hivi, hayafiki 100, ndiyo maana maharagwe yetu yanakula kuni. Radiateri nayo ni sufuria. Maji yake hayachemki mapema kwa sababu kifuniko kinabana presha ndani. Kifuniko kikichoka, moteri inachemka mlimani hata kama maji yalijazwa vizuri asubuhi.

Kamyo ilikuja na kipimo chake cha joto. Mshale unakaa katikati, unakaa katikati, halafu ghafla uko kwenye nyekundu na mvuke umekwisha kutoka. Vipimo vingi vya kiwandani vimetengenezwa hivyo ili mwendeshaji asihangaike na kila badiliko dogo. Sisi tulitaka kuhangaika. Moteri ikifa pale mlimani, tunalala njiani na watoto mgongoni, mvua juu ya mizigo, na hatujui nani atapita usiku.

Dukani kulikuwa na vipimo vya kila namna, vingine vya kupendeza macho tu. Tulichukua vitatu: joto la maji chenye namba, presha ya mafuta ya moteri, na joto la moshi. Cha presha ya turbo tulikiacha. Ni kizuri, lakini hakituambii lini tusimame.

Cha mafuta kina aina mbili. Moja inaleta mafuta yenyewe kwa mrija mwembamba mpaka kwenye tablo, na mrija ukikatika mafuta ya moto yanamwagikia miguu ya waliokaa mbele. Tulichagua ile ya waya.

Kufunga cha joto la moshi kulileta mabishano. Fundi alitaka kutoboa bomba baada ya turbo, kwa kuwa mkono unafika kwa urahisi. Lakini moshi ukishapita kwenye turbo umepoa sana, kwa hiyo namba inadanganya. Tukasisitiza itobolewe kabla ya turbo, kwenye chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, na chuma hicho kishushwe kwanza mezani. Unga wa chuma ukianguka ndani ya turbo inayozunguka, tumenunua turbo nyingine. Fundi alinung'unika siku nzima, ila kazi aliifanya safi: kila waya una fyuzi yake, na waya wa masi umefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Cha maji tulikijaribu kabla hakijafungwa. Tulitumbukiza sensa kwenye sufuria ya maji yanayochemka hapa kijijini, mshale ukasimama juu kidogo ya 90. Kingeonyesha 110 tungekirudisha dukani. Mjue pia kwamba kipimo hiki kinasoma maji tu. Maji yakivuja yote, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati moteri inaungua. Mshale ukishuka mlimani bila sababu, msifurahi.

Vipimo havikufungwa mbele ya shofere peke yake. Viko katikati ya tablo, na mama anayesindikiza mizigo anaviona. Shofere aliuliza kama sasa ataendeshwa na wamama. Tulimjibu kwamba usukani ni wake, ila maharagwe ni yetu. Tumekubaliana hivi: moshi ukikaribia digri 700, anashusha vitesi na kulegeza mguu. Maji yakipita 100, anatafuta mahali pa kusimama. Presha ya mafuta ikianguka, anazima moteri palepale, hata kama nyuma wanapiga honi. Mama akisema "simama", hakuna kujibizana. Na tukifika juu, moteri inaachwa inguruma polepole mpaka moshi ushuke chini ya 200, kwa sababu mafuta yaliyo ndani ya turbo ya moto yanaungua ikizimwa ghafla. Dakika hizo zinatosha mtoto kunyonya.

Radiateri ya moto haifunguliwi na mtu yeyote, hata akisema anajua.

Safari ijayo zamu ya kukaa mbele ni ya wamama wa viazi. Waje depo Jumatano jioni, shofere atawaonyesha namba. Tumezipiga alama ya rangi nyekundu kwenye kioo, ili hata asiyesoma azione.