Mashua Nyembamba Katika Mlango wa Severn

Mashua nyembamba ya Uingereza iliundwa kwa ajili ya maji yaliyotulia. Malango ya mifereji ya karne ya 18 yalikuwa na upana wa mita 2 na kitu tu. Kwa hiyo chombo kikawa chembamba kama ufito, urefu hata mita 21, tako bapa, ubavu mfupi juu ya maji. Mferejini ni nyumba ya starehe. Baharini ni sanduku. Hata hivyo wako watakao kutoka Sharpness, unapokoma mfereji wa Gloucester uliofunguliwa mwaka 1827, washuke mlango wa mto Severn hadi Portishead, waepuke mzunguko mrefu wa mifereji ya bara.

Wakati wa bamvua kuu maji ya hapo hupanda na kushuka karibu mita 14, na ni pwani chache mno duniani zipitazo kiasi hicho. Maji mengi namna hiyo hayaji wala hayaondoki kwa upole. Penye mfereji wa miamba uitwao Shoots mkondo hufika maili 8 za bahari kwa saa, na mtambo wa mashua hujivunia 4 au 5. Mwenye usukani hawezi kupigana na maji; huomba kuchukuliwa nayo.

Basi nusu ya safari hufanywa kabla ya kamba kufunguliwa. Huchaguliwa siku ya maji mafu na upepo haba, kwani upepo ukikabili mkondo huzua mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Matundu ya ubavuni huzibwa. Nanga huwekwa tayari omoni. Lisahauliwalo ni tangi la mafuta. Taka zilizolala humo miaka mingi huamshwa na msukosuko, zikaziba chujio, na mtambo ukanyamaza papo hapo unapohitajiwa. Halafu huajiriwa rubani, na bwana wa chombo, asiyezoea kuamriwa, humwachia mgeni uamuzi wa saa, njia na, lililo zito zaidi, kama safari ipo au haipo.

Wako waonao haya kuwa woga. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1960 vyombo viwili vya kuchukua mafuta, Arkendale H na Wastdale H, vililikosa lango la Sharpness katika ukungu. Mkondo ukavipeleka juu ya mto vikiwa vimeshikamana, vikagonga nguzo ya daraja la reli. Moto ukawaka, watu 5 wakafa. Mabaharia wale hawakuwa wageni wa mto. Mabaki ya vyombo vyao huonekana maji yakipwa.

Mashua hushuka na maji, ikapita chini ya daraja la mwaka 1966, kisha la mwaka 1996. Kabla ya Portishead rubani huigeuza omo kuelekea juu ya mto, mapema kuliko abiria wanavyotazamia, nayo huvuka mkondo kimbavumbavu kama kaa, mtambo ukinguruma, hata ukuta wa bandari uikinge.