Sweta ya Iceland, joto la mikono ya watu

Ukifika Reykjavik, hata mwezi wa saba, usiache koti chumbani. Upepo wa bahari unauma. Wenyeji utawaona na sweta nene zenye nakshi inayozunguka shingo na mabega. Wanaiita lopapeysa.

Joto lake huanzia kwa kondoo. Wa kule ana manyoya ya namna mbili: marefu ya nje yanayozuia maji, na laini ya ndani yanayotunza joto. Uzi wake, lopi, hausokotwi sana, kwa hiyo hubaki na hewa ndani. Mfumaji huzungusha kazi kwa sindano ya mduara, bila mshono ubavuni. Penye nakshi hubeba nyuzi za rangi mbili. Isiyotumika hupita kwa nyuma, na mabega yakapata unene wa ziada.

Usidhani ni vazi la mababu. Mtindo huu ulienea katikati ya karne ya 20. Mwaka 1977 wafumaji waliunda chama chao ili wauze kazi zao wenyewe. Watalii walipoongezeka, zikaingia madukani sweta zilizofumwa nje ya nchi. Mwaka 2020 jina hilo likalindwa: lazima ifumwe kwa mkono, Iceland, kwa sufu ya kondoo wa huko.

Bei itakushtua. Basi kabla hujaomba upunguziwe, soma lebo, uulize imefumwa wapi. Ikiwa ni ya kweli, unalipia jioni nyingi za mtu aliyeketi na sindano zake.