Kufunga Difu

Gari lina magurudumu manne, lakini tope hulihukumu kwa moja. Palikuwa na bwana mmoja wa Upanga aliyeujua ukweli huu kwa uchungu. Nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu kutoka hospitali ya Muhimbili. Mama yake aliishi shambani, ng'ambo ya Chanika, mahali ambapo lami hukoma na udongo huanza. Usiku mmoja wa masika mama alipatwa na kiharusi. Mwana alikwenda na pikapu yake, akampakia, akageuza. Hakufika mbali. Gurudumu la nyuma la kushoto liliingia katika tope likazunguka kama pia. La kulia, lililosimama juu ya changarawe, halikutikisika. Injini ilinguruma, moshi ukatoka, gari likabaki pale pale. Majirani walipolivuta kwa kamba kulikuwa kumekucha. Mama alipona, lakini mkono wake wa kushoto haukupata nguvu tena.

Sababu ya gurudumu moja kuhangaika na jingine kustarehe imo katika chombo kiitwacho difu, kilichowekwa katikati ya ekseli ya nyuma. Gari likatapo kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ikiwa magurudumu hayo yameachana kwa mita 1.4, basi katika kona ya pembe mraba la nje huenda karibu mita 2.2 zaidi, kona iwe pana au nyembamba. Kama yangalifungwa pamoja, moja lingaliburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, alipata mwaka 1827 hataza ya difu kwa ajili ya gari la mvuke. Vijino vidogo vilivyo ndani yake hupa kila gurudumu ruhusa ya kwenda mwendo wake, na hugawa nguvu ya injini sawasawa kwa yote mawili. Lakini gurudumu lililomo topeni huzunguka kwa nguvu kidogo tu, na mwenziwe hapewi zaidi ya kidogo hicho. Usawa ulio haki juu ya lami hugeuka dhuluma katika tope.

Bwana huyo alipofahamu hayo aliichukia difu kama mtu amchukiavyo adui. Asubuhi moja alishika Barabara ya Umoja wa Mataifa, akapita Faya, akaingia Kariakoo mpaka Gerezani, ambako mafundi hufanya kazi katikati ya vyuma vikuukuu na harufu ya grisi. Alimwendea mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ringi ya lori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Nataka unichomelee difu. Magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja daima."

Mzee hakuinuka. Aliuliza kwanza gari lilalapo na liendapo. Aliposikia Upanga na Chanika alitikisa kichwa, akaeleza. Katika ujana wake alikuwa utingo katika njia ya Zambia. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa wazungu wachache tarehe 11 Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalipelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kabla bomba la mafuta halijaanza kazi mwaka 1968. Njia ilikuwa ya udongo, na masika yaliigeuza uji. Tajiri wake alichomelea difu, na kweli lori lilipita penye tope palipowashinda wengine. Lakini lilipokuwa tupu, katika mteremko wenye utelezi, dereva alikata usukani na lori likakataa kugeuka. Magurudumu ya nyuma yaliyofungwa pamoja yalilisukuma mbele moja kwa moja mpaka mtaroni.

"Mtu alikufa?" aliuliza bwana.

"Mimi niko hapa," alisema mzee, "dereva hayuko."

Kisha alizitaja njia za uani moja moja. Kuchomelea ni rahisi, lakini hakurudi nyuma: vijino ni vya chuma kigumu, na moto wa kuchomelea huvitia nyufa, tairi huliwa kila kona, na shafti hukatika. Kubana vijino kwa washa nene husaidia siku chache, kisha washa hulika na unga wa chuma hujaa katika oili. Kufunga kwa mnyororo gurudumu linalozunguka hulipa jingine nguvu, lakini mnyororo ukikatika hauchagui wa kumpiga.

"Na kuvuta breki ya mkono?" aliuliza bwana. "Nimesikia madereva wakiisifu."

"Breki hiyo hushika pande mbili. Inachompa wa kulia kwa mkono huu humnyang'anya kwa mkono ule."

Hapo mzee alinyamaza kidogo, akaingia chini ya pikapu, akatoka amejifuta mikono. Alisema kwamba waya za breki ya mkono zilikuwa mbili, zimeunganishwa chini ya sakafu. Zikitenganishwa na kila moja ikapewa mkono wake, dereva ataweza kulishika gurudumu la topeni peke yake. Likishikwa, difu yenyewe hulazimika kulipa nguvu lile lililosimama pagumu. Gari likitoka, mkono huachiwa, na difu hurudi katika ada yake. Alionya kwamba mwendo uwe wa pole, kwani breki hupata moto. Na gari likiegeshwa, mikono yote miwili ivutwe.

Bwana wa Upanga alikuja akitaka kulipiza kisasi kwa chuma. Aliondoka na mikono miwili ya breki. Masika yaliyofuata alifika pale pale penye tope. La kushoto lilianza kuzunguka. Alivuta mkono wa kushoto taratibu. Harufu ya breki ilipanda, la kulia likauma changarawe, pikapu ikatoka. Mama yake, aliyeketi kando ameshika kiganja kibovu kwa kizima, hakusema neno, wala mwana hakusema. Safari hiyo ilikuwa ya kwenda kliniki tu. Usiku ule hapana fundi awezaye kuutengeneza.

Walipoingia mjini pikapu ilikata kona bila kelele, kila gurudumu likienda mwendo wake. Mwenye uchungu hutamani dawa isiyoondoka kamwe. Lakini dawa iliyo bora si ile iushindayo ugonjwa tu. Ni ile pia ijuayo kumwacha mgonjwa akiisha kupona.