Lushoto kwa Mlango wa Jikoni

Anayekwenda Lushoto mara ya kwanza huelekezwa Irente. Ataambiwa asimame ukingoni mwa mwamba, atazame chini kwenye nyika ya Mombo na Mazinde: mkonge uliopangwa mistari, mapaa ya mabati, barabara kuu iendayo Arusha ambayo malori yake, kwa umbali ule, huwezi kujua kama yanakwenda au yamesimama. Panapendeza, sibishi. Ila aliyesimama Irente anatazama nyika, na Usambara ameipa mgongo. Usambara iko nyuma yake, huko milima inakopokezana na mabonde. Ukitaka kuijua upesi, mwombe mwenyeji akuoneshe bustani iliyo nyuma ya jiko lake. Humo, kati ya karoti na figili, utakuta liki, jamaa ya kitunguu.

Nilipanda huko mwezi wa Julai. Mombo saa sita mchana ni joto tupu, watu wamejibanza kwenye vivuli vya vibanda na maji ya baridi ndiyo biashara. Kilomita 33 baadaye abiria wale wale wanatafuta masweta. Katikati kuna kona ambazo utingo wetu alizipitia mlangoni, mguu mmoja ndani, akipiga soga. Kabla ya kufika Soni, kwenye maporomoko, madirisha yalikwisha kufungwa na hakuna aliyeomba yafungwe. Msimu wa plamsi ulikuwa mbali, kwa hiyo watoto wa kando ya barabara hawakuwa na ndoo za kutukimbilia nazo. Kutoka Lushoto mjini kuelekea Magamba hewa ilinuka mikaratusi, moshi wa kuni na udongo uliolowa.

Baridi hii ndiyo iliyoleta mengi. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na liki hustawi vizuri panapokuwa na nyuzi kati ya 13 na 24 za Selsiasi. Wajerumani nao waliipenda. Waliuita mji huu Wilhelmstal, wakajenga reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Wamisionari wao walikuwa wamekwisha kutua Mlalo tangu 1891. Mboga nyingi ambazo wazee bado wanaziita za Kizungu zilipanda mlima kwa mikono hiyo, zikaanzia kwenye bustani za misheni na mashamba ya walowezi.

Hadithi hiyo husimuliwa sana, na husimuliwa nusu. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, walikuwa wakichepusha vijito kwa mifereji kabla ya Mjerumani kufika. Walijua bonde lipi linashika unyevu kiangazi, mteremko upi unafaa migomba, na wapi usiguse kwa jembe kabisa. Mgeni alileta mbegu, shamba alilikuta.

Tena kuna jambo la matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, wakawalazimisha watu kuchimba matuta kukata miteremko. Aliyekataa alishtakiwa. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na watu waliichukia hata ikawa siasa. Kabla ya Uhuru mradi ulikuwa umekufa. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine, SECAP, ukiwa na hoja ya ng'ombe: panda majani ya Guatemala kwa mistari inayokata mteremko, yatashika udongo na wewe utapata malisho. Hoja hiyo ilieleweka. Leo ukisimama popote kati ya Lushoto na Lukozi unaiona mistari hiyo ya majani marefu, na katikati yake kabichi, viazi, maharage, na liki ya kijani inayoelekea bluu.

Mwenyeji wangu ni mama mtu mzima, mama mzazi wa rafiki yangu wa siku nyingi, na nyumba yake iko kwenye tumbo la mlima upande wa Magamba. Nilitoka asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, kisha akanifundisha kwa mara nyingine salamu ya kwao, onga maundo, akacheka matamshi yangu. Ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni. Bustani yake ni kipande kidogo kinachopakana na banda la ng'ombe upande wa juu na ukingo wa majani ya Guatemala upande wa chini. Mpangilio huo una maana. Samadi inashushwa kwa reki, haibebwi na mtu.

Liki za sokoni zinalimwa mabondeni, kwenye maji mengi, kwa ajili ya fuso zinazoondoka Lukozi usiku. Hizi za nyuma ya jiko ni za nyumba, na anazilea kwa ukali ambao hutaukuta kwenye shamba la biashara. Mbegu anaisia kitaluni kwenye udongo uliochekechwa, anaifunika kwa nyasi kavu, na nyasi anaziondoa mara tu miche inapochomoza. Inakaa hapo zaidi ya miezi miwili. Wengine hawana subira, wanahamisha ikiwa bado nyuzi. Yeye husubiri mpaka mche ufikie unene wa penseli.

Kuhamisha ndiko kulikonishangaza. Nilitarajia tuta. Yeye alichukua kijiti kilichochongwa ncha, akatoboa shimo la kina cha shubiri kasoro kidogo, akapunguza ncha za majani na mizizi ya mche, akaudumbukiza. Majani machache tu yalibaki nje. Hakufukia. Alimimina maji kutoka kwenye kopo lililotobolewa, maji yakateremsha udongo kidogo ukaifunika mizizi, basi. Shimo likabaki wazi. Nilimuuliza kwa nini asifukie kama mtu anavyofukia mche wa kabichi.

"Nikifukia leo itaminywa, mwanangu. Mvua na jembe vitafukia vyenyewe, nayo itapata nafasi ya kunenepa."

Shina la liki, lile jeupe ambalo mpishi wa hoteli analitafuta, halizaliwi jeupe. Ni majani yaliyokumbatiana gizani. Kila wiki chache mwenye bustani hupandishia udongo, na kila sentimita anayoiongeza ni sentimita ya weupe na ulaini jikoni. Asiyepandishia atavuna vilevile, ila atavuna majani. Ndiyo maana ukiona liki yenye shina jeupe la shubiri nzima, ujue kuna mtu aliinama mara nyingi. Ya sokoni mara nyingi ina weupe wa vidole viwili. Mkulima wa bondeni ana robo eka ya kuinamia, na mnunuzi wa mjini hapimi weupe, anapima fungu.

Maadui wapo. Kiangazi vithiripi hukwangua majani yakabaki na michirizi ya fedha. Wakati wa unyevu huja kutu, vidoadoa vya rangi ya machungwa. Mama hung'oa jani lenye kutu akalichoma, na hapandi liki wala kitunguu mahali pale pale msimu unaofuata. Nilipotaja dawa alinyoosha kidole kuelekea bondeni, kwenye mashamba ya biashara, asiseme neno.

Kitunguu kikikomaa kinakulazimisha, majani yanalala na lazima ung'oe, ukaushe, uhifadhi. Liki haina haraka hiyo. Miezi mitano au sita baada ya kuhamishwa iko tayari, lakini ukiiacha wiki nyingine nyingi bado iko tayari, imesimama ardhini kwenye baridi ya Usambara ikiongezeka unene polepole. Kwa nyumba isiyo na friji hiyo ni ghala. Jioni mama alitoka na kijembe, akalegeza udongo pembeni, akashika shina chini kabisa na kuvuta bila nguvu. Alitoa tatu zilizonenepa na kuziacha nyembamba zipate nafasi. Alizikung'uta, akakata ndevu za mizizi palepale bustanini. Harufu iliyopanda haikuwa kali kama ya kitunguu. Haikuniliza.

Nikafanywa msaidizi wa jiko, kazi ya kuosha. Kwa kuwa udongo umepandishiwa, mchanga umejificha kati ya tabaka, na ukiikata liki vipande kwanza umeufungia humo. Unaipasua kwa urefu, unaacha kitako kikiwa kimeshikana, unaifungua kurasa kwa kurasa chini ya maji yanayotiririka. Majani ya juu yaliyokomaa, yale ambayo mjini hutupwa, yaliingia kwenye sufuria ya mifupa iliyokuwa ikichemka tangu adhuhuri.

Nyeupe ilikatwa vipete, ikaingia kwenye mafuta kidogo na chumvi, ikafunikwa, kuni mbili zikatolewa mafigani. Huo moto mdogo ndio mapishi yenyewe. Liki ikishika rangi ya kahawia inakuwa chungu na utamu wake huuoni tena. Ilipolainika mpaka ikawa haijulikani ni mboga au mafuta, aliongeza viazi mviringo vilivyokatwa vidogo, kisha mchuzi wa ile mifupa, na mwisho maziwa ya ng'ombe aliyekuwa akitafuna Guatemala upande wa pili wa ukuta. Hakuna pilipili manga, hakuna kiungo cha kununua. Tulikunywa kwenye vikombe vya bati tukiwa tumesogelea moto, na nilipomwambia hongea, asante ya Kisambaa, alinijazia tena.

Kesho yake liki ikaingia kwenye maharage, na hapo mkoa mzima wa Tanga ulikutana. Maharage ya mlimani, liki ya nyuma ya jiko badala ya kitunguu, tui la nazi zilizopanda na basi kutoka pwani. Nimekula liki kwenye hoteli za Dar es Salaam, zimekaangwa kwa siagi na kuwekwa pembeni ya samaki kwa adabu. Najua pia kwamba watu wa Wales huko Ufalme wa Muungano wameifanya alama ya taifa lao na huivaa kifuani tarehe 1 Machi. Mbele ya maharage ya nazi na ugali wa moto, wote hao bado hawajanishawishi.

Atakayekwenda, aende Juni hadi Agosti kama anaiweza baridi, au Januari kama anataka na matunda. Masika barabara za ndani huteleza, na pikipiki inayokupandisha Mtae inaweza kukushusha njiani. Nguo nzito ni lazima, si hiari. Kulala si tatizo, mjini kuna nyumba za wageni za kila mfuko, na masista na mapadri wa maeneo hayo wanapokea wageni kwa utaratibu mzuri. Jibini ya shamba la Irente inastahili sifa zake, na mkate wa huko pia.

Lukozi nenda siku ya gulio, ila nenda mapema. Utaona matenga ya nyanya yakishonwa kwa kamba, magunia ya kabichi yenye vichwa vinavyochomoza, wanawake walioshuka na mizigo ya kitenge tangu alfajiri, na madalali wakitembea katikati yao na simu sikioni. Usinunue liki iliyokwisha kukatwa mizizi na kuoshwa ikang'aa. Chagua yenye udongo, yenye majani yanayokatika kwa mlio, na ubonyeze shina karibu na kitako. Ikiwa gumu kama fimbo katikati, imeshaanza kutoa ua na haitalainika jikoni. Ifunge na mizizi yake kwenye gazeti lenye unyevu, itafika Dar es Salaam salama na kukaa wiki. Baada ya saa mbili asubuhi zilizo nzuri zimekwisha kupakiwa, na mama anayeuza atakuambia hivyo bila kukuonea haya.