Sukari na nusu ya Panadol

Jumanne, 11 Juni, usiku

Mama mkwe alikuwa anameza dawa ya kichwa. Nusu kidonge kikamponyoka, kikatua kwenye sahani ya paka. Kabla hajainama, Sukari ameshakibugia pamoja na dagaa. Kidonge kizima cha Panadol kina miligramu 500, basi kameza 250, naye hafiki kilo nne.

Nyumba nzima ikageuka madaktari. Mama anataka apewe maziwa, jirani anasema maji ya chumvi atapike, shemeji kaja na dafu. Nimewakatalia wote, nikapiga simu kwa daktari wa mifugo. Aliuliza dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Kisha: “Usimtapishe mwenyewe. Mlete sasa hivi, na karatasi ya vidonge uje nayo.”

Jumatano, 12 Juni

Jana usiku daktari alimtapisha kwa sindano, akampa na mkaa wa kunyonya sumu. Lakini nyingine ilishapita. Leo asubuhi kamfunua mdomo: fizi zimekuwa za kahawia, rangi ya chai ya rangi. Uso umevimba, na nyayo pia.

Mama anasema watoto wachanga wanapewa Panadol ya maji, itamdhuru vipi paka? Swali zuri, na jibu liko kwenye ini. Ini la paka halina vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja dawa hiyo kama letu. Sumu inaingia kwenye damu, na damu inashindwa kubeba oksijeni.

Dawa yake ni asetilisisteini, ile ile wanayopewa watu waliozidisha Panadol. Kliniki haikuwa nayo. Tumezunguka maduka ya dawa hadi tukaipata.

Ijumaa, 14 Juni

Fizi zinarudi waridi. Kala samaki kidogo, kamkwaruza daktari. Mama anashikilia kwamba angepewa maziwa mapema yasingefika huku. Sibishani naye, ila maziwa hayaizuii sumu hii, na chumvi nyingi ni sumu nyingine.

Jumamosi, 15 Juni

Jirani kaja kuuliza kama mbwa wake anayechechemea anaweza kupewa nusu ya Brufen, maana mbwa si paka. Nimemwambia asithubutu: Brufen inamtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibia figo. Ampeleke kwa daktari leo, kliniki inafungwa mchana.