Majivu Nayo Yahitaji Kaburi

Katika kanisa letu kuna kikundi cha akina mama kinachohudumia nyumba zilizofiwa. Sisi ndio tunaopika chai ya matanga, tunaokesha na mjane, na tunaomsindikiza mochari kukipambazuka. Baadhi yetu ni wauguzi, na miaka mingi ya wodi imetuzoesha kutaja kifo bila kunong'ona. Hata hivyo lipo jambo moja ambalo likitajwa katika kamati ya mazishi, hata wazee huinamisha vichwa: kuchoma maiti.

Siku hizi jambo hilo latajwa zaidi kuliko zamani. Mzee amewaambia wanawe kwamba hataki kuzikwa. Kijana amefariki Marekani, na kuusafirisha mwili wake kwahitaji harambee kubwa, ilhali majivu yaweza kuletwa mkononi. Familia nyingine imeishi mjini vizazi viwili na haina shamba la kuzikia. Kwa sababu hiyo tulitenga siku moja, tukaenda kutazama mahali penyewe hapa Nairobi na kuuliza maswali ambayo mfiwa hawezi kuyauliza huku analia. Tuliyojifunza twawaletea ninyi, akina mama wenzetu, kwa kuwa mara nyingi mzigo huu huishia mikononi mwenu.

LANG'ATA

Tulianzia Lang'ata. Makaburi haya ya umma yalifunguliwa mwaka 1958, na mwaka 1996 yalitangazwa kuwa yamejaa. Hata hivyo watu wameendelea kuzikwa hapo, kwa sababu jiji linakua na wafu hawangoji. Ukipita katikati ya misalaba utaona jinsi makaburi yalivyosongamana, mpaka ni vigumu kuweka mguu bila kukanyaga mahali pa mtu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuna kaburi la kudumu na kaburi la muda. La muda ni la bei nafuu, lakini baada ya miaka sehemu ile hutumiwa tena kwa mtu mwingine. Tumewahi kukaa na mama aliyelijua hilo siku alipokwenda kupalilia kaburi la mwanawe na kukuta jina lisilo la kwake. Mama, ukipewa risiti ya kaburi, soma ni la aina gani kabla ya kuiweka kwenye mkoba.

Katika eneo hilo hilo la Lang'ata ndipo lilipo tanuri la umma la kuchomea maiti. Hapo ndipo mwili wa mwanasiasa Kenneth Matiba ulipochomwa mwezi wa Aprili 2018, baada ya watu wa Murang'a kumuaga.

KARIOKOR

Kutoka Lang'ata tulivuka jiji hadi Kariokor. Jina hili lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Tulipolikumbuka hilo tuliona kwamba nchi yetu ina watoto wake wengi ambao hawakuzikwa kwa desturi, na Mungu hakuwasahau.

Tanuri la Kariokor ni la jamii ya Wahindu. Desturi ya kuchoma maiti ilikuja nao kutoka Bara Hindi, pamoja na mafundi na wafanyakazi waliojenga reli kuanzia mwaka 1896. Kwao si jambo geni wala la aibu. Ni ibada, na mara nyingi majivu hutiwa katika maji yapitayo. Milango yao imefunguliwa kwa wengine pia. Hapo ndipo ulipochomwa mwili wa Profesa Wangari Maathai mwezi wa Oktoba 2011, wa Bob Collymore na wa Mbunge Ken Okoth mwaka 2019, na wa Charles Njonjo, aliyefariki tarehe 2 Januari 2022 akiwa na miaka 101 na kuchomwa siku ile ile, kama alivyotaka mwenyewe.

YANAYOTENDEKA

Akina mama wengi huogopa kuuliza, basi tutaeleza kama tunavyomweleza mgonjwa. Tanuri hupashwa moto hadi kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi. Mwili huingizwa ukiwa ndani ya jeneza, na kazi huchukua saa moja na nusu hadi saa tatu. Kinachobaki si majivu kama ya jikoni, bali ni vipande vya mifupa, ambavyo husagwa mpaka viwe unga wa kijivu. Ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo mbili hadi tatu hivi.

Kuna mambo ambayo sisi wauguzi twawasihi msiyasahau. Ikiwa marehemu alikuwa amewekewa kifaa cha betri cha kusawazisha mapigo ya moyo, sema mapema. Kifaa hicho hulipuka motoni, na lazima kiondolewe mochari kabla ya safari ya mwisho. Pete, mkufu na saa viondolewe pia na kukabidhiwa mtu mmoja mbele ya mashahidi. Jeneza liwe la mbao nyepesi, bila vioo wala vyuma vizito. Profesa Maathai, aliyeitetea miti maisha yake yote, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.

Neno jingine ni zito, nalo ni la mama aliyempoteza mtoto mchanga. Mifupa ya kitoto ni laini mno, na huenda majivu yasipatikane, au yakawa kidogo sana. Mama na aambiwe hivyo kabla hajatia sahihi, wala si baada ya kunyoosha mikono kupokea chombo kitupu.

KARATASI NA GHARAMA

Hakuna mwili unaochomwa wala kuzikwa bila kibali cha mazishi. Kifo kikitokea hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kifo na kibali. Kikitokea nyumbani, mwende kwa naibu wa chifu. Ikiwa ni ajali, au kifo cha kutiliwa shaka, polisi lazima wahusishwe na daktari aupasue mwili kwanza. Hapa msiwe na haraka. Kaburi laweza kufukuliwa kwa amri ya mahakama, lakini moto haurudishi kitu. Ikiwa kuna swali lolote juu ya chanzo cha kifo, au juu ya damu ya mtoto na urithi, vipimo vichukuliwe kabla.

Kuhusu fedha, ada za tanuri la umma huwekwa na kaunti, na huweza kubadilika kila sheria mpya ya fedha ya kaunti inapopitishwa. Kwa hiyo ulizeni ofisini, lipeni kwa njia rasmi, na mshike risiti. Pigeni simu kwanza mhakikishe kwamba mtambo unafanya kazi, kwa maana mitambo huharibika, na kila siku ya kungoja ni siku nyingine ya kulipia mochari. Ulizeni pia kama ada ya mtoto ni tofauti, ni nani atakayeruhusiwa kushuhudia, na majivu yatachukuliwa lini na nani.

Tulipoketi na kalamu tulitambua jambo moja. Kinachokula fedha za familia si shimo wala moto. Ni siku nyingi za mochari, mabasi ya kwenda kijijini, hema, ng'ombe na saruji. Anayechoma maiti mapema na kufanya ibada ya kiasi huokoa fedha nyingi. Lakini familia ikichoma mwili mjini, kisha ikafanya karamu kubwa kijijini ili watu wasiseme, imegharamika mara mbili.

KANISA LASEMAJE

Wengi walituuliza, "Je, aliyechomwa atafufukaje?" Tukawauliza nao, "Na aliyeliwa na samaki baharini? Na yule ambaye kaburi lake limekwisha kuwa udongo?" Aliyeumba mtu kwa mavumbi hashindwi na majivu. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 31, watu wa Yabeshi-Gileadi waliiteketeza miili ya Sauli na wanawe, wakaizika mifupa yao chini ya mti na kufunga siku saba. Walifanya hivyo kwa heshima, si kwa dharau.

Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hili mwaka 1963, na sheria yake ya mwaka 1983 yalithibitisha hilo, ingawa bado lapendelea maziko ya mwili. Mwaka 2016 lilikumbusha kwamba majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa. Na mwaka 2023 likaongeza kwamba sehemu ndogo yaweza, kwa ruhusa, kuhifadhiwa mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Kwa upande wa Waanglikana hapa Kenya, Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria alichomwa mwaka 2005, kama mkewe Mary alivyofanyiwa miaka mitatu kabla yake. Watu walisema mengi, lakini wale wawili walikuwa wamekwisha kukubaliana. Waislamu, kwa upande wao, hawaruhusiwi kabisa. Basi nyumba yenye dini mbili na ilizungumze jambo hili kwa upole.

NANI AAMUE?

Hapa ndipo penye mzizi. Mwaka 1987 Kenya nzima ilifuata kesi ya mwili wa wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alidai kumzika karibu na Nairobi; ukoo ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, na mwisho ukoo ukashinda. Tangu wakati ule mahakama zetu zimerudia kwamba matakwa ya marehemu hayana nguvu ya sheria, ingawa yafaa kufuatwa kadiri inavyowezekana. Hata mwaka 2019 safari ya mwisho ya Ken Okoth ilisimamishwa kwa muda na mahakama, mpaka waliohusika walipoelewana.

Kwa hiyo, mama, karatasi peke yake haitoshi. Ukitaka kuchomwa, au ukitaka kabisa usichomwe, andika na utie sahihi. Kisha uwaite watakaosimama pale siku hiyo: mume wako, watoto wako wakubwa, shemeji mkubwa wa ukoo, na mchungaji. Waambie wote kwa pamoja, siku ambayo huna homa. Mume naye na aseme lake. Ni vigumu kwa shemeji kumwambia mjane, "Umetunga," ikiwa yeye mwenyewe alikuwepo na kunywa chai siku lile neno liliposemwa.

KABETE

Tulimalizia safari Kabete ya Juu, kwenye taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina la Wangari Maathai, ambako majivu yake yalizikwa. Mmoja wetu, nyanya mwenye wajukuu tisa, alikuwa amepinga jambo hili tangu asubuhi. Alisimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe naye ana mahali. Mimi niliogopa mtu kukosa mahali."

Akina mama, tulirudi na neno hilo. Kuchoma maiti hakuondoi swali la kaburi, hulisogeza tu. Tumeona majivu yaliyokaa juu ya kabati miaka minne kwa sababu hakuna aliyeamua, na watoto wakawa wanapita chumba kile kwa woga. Mkichagua moto, amueni siku hiyo hiyo majivu yatalala wapi: katika bustani ya kanisa, katika kaburi la mume au mke aliyetangulia, au katika shamba la nyumbani chini ya jiwe lenye jina. Wekeni siku ya ibada, mwiteni mchungaji, mwimbe. Wanaobaki wahitaji mahali pa kupeleka maua, na mtoto atakayezaliwa kesho ahitaji kuonyeshwa kwa kidole: hapa ndipo alipo nyanya yako.